Urefu ni Neema, Elimu ni Amana



Hapa kwetu Usa River, kijana akirefuka kupita wenzake, watu humpa shauri moja tu. Mwenye duka humwambia, dereva wa bodaboda humwambia, hata mzee aliyekaa barazani baada ya sala ya Alasiri humwambia: "Wewe nenda Marekani ukacheze mpira wa kikapu." Hawamwulizi amefika kidato gani, wala kama anaswali, wala mama yake ana hali gani. Wameuona urefu wake, nao wakaona wamekwisha kumjua.

Shauri hili lina asili yake. Tarehe 25 Juni, 2009, mjini New York, ligi kubwa ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, ilifanya uteuzi wake wa wachezaji wapya. Jina la pili kutajwa siku ile lilikuwa la mtoto wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, aliyechukuliwa na timu ya Memphis Grizzlies. Urefu wake ni sentimita 221. Mchezo wenyewe alikuwa ameanza kuujua akiwa kijana wa miaka kama kumi na mitano hivi. Alikaa miaka mitatu katika Chuo Kikuu cha Connecticut, akasifiwa mno kwa kuzuia mipira, na mwaka ule ule wa 2009 timu ya chuo chake ilifika katika timu nne za mwisho za mashindano ya vyuo. Hakuna Mtanzania aliyewahi kuingia katika ligi ile kabla yake. Taifa zima lilifurahi, na kuanzia hapo kila mama mwenye mtoto mrefu akaanza kuota ndoto.

Lakini yaliyofuata hayasimuliwi sana barazani. Mwezi Februari, 2010, kabla msimu wake wa kwanza haujakwisha, Hasheem alipelekwa kwa muda katika ligi ya chini akajifunze zaidi. Mchezaji aliyechaguliwa juu namna ile alikuwa hajapata kushushwa hivyo. Mwaka 2011 alihamishiwa Houston, kisha Portland, kisha Oklahoma City, na kufikia mwaka 2014 alikuwa amekwisha kucheza mchezo wake wa mwisho katika ligi ile. Baadaye alikwenda kuitafuta riziki Japani na Taiwan. Yule aliyetajwa baada yake siku ile, James Harden, na yule aliyetajwa wa saba, Stephen Curry, wakawa mabingwa wanaojulikana dunia nzima.

Wako watu waliomcheka ndugu yetu huyu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mtu aliyetoka katika viwanja vya Dar es Salaam akafika pale ambapo hakuna mwenzetu aliyefika, hastahili kuchekwa na mtu ambaye hajavuka mto Kikafu. Riziki na mafanikio hugawanywa na Mwenyezi Mungu (s.w.t.), naye ndiye ajuaye kwa nini huyu kampa hiki na yule kamnyima. Ila habari yake inatufunza jambo moja lililo wazi: urefu hufungua mlango tu. Kukaa ndani ya nyumba kunataka kitu kingine.

Ndugu msomaji, nisingeyaandika haya lau si mama mmoja jirani yangu, mjane, aliyenijia siku moja kwa ajili ya mwanawe. Kijana huyo alikuwa kidato cha pili, na kichwa chake kilikuwa kimekwisha kufika kwenye kizingiti cha mlango wangu. Kulikuwa na mtu, simjui jina lake na wala sitaki kulijua, aliyekuwa akija nyumbani kwao na kusema kwamba anaweza kumpeleka kijana Marekani akasome na kucheza. Alichotaka ni fedha taslimu za kushughulikia safari. Mama hana fedha, ila ana kihamba kidogo cha migomba na kahawa alichoachiwa na marehemu mumewe. Akaniuliza, "Mwalimu, nikiuze? Si huyu ndiye mtaji wangu?"

Neno lile "mtaji" lilinichoma. Mtoto si mtaji. Mtoto ni amana. Lakini mama huyu hakulitunga neno hilo. Alilisikia kwetu sisi sote tuliokuwa tukimpigia makofi mwanawe njiani kwa sababu ya urefu wake. Kwa hiyo yanipasa kulijibu swali lake kwa ukamilifu, na jibu lake nimeliona katika maisha ya mtu mwingine mrefu, ambaye nchi yake si mbali na sisi.

Mwendo mfupi kutoka hapa, mjini Arusha, yapo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Miongoni mwa bendera zinazopepea pale imo ya Sudan Kusini, iliyoingia katika Jumuiya mwaka 2016. Huko ndiko kwa asili ya Luol Deng. Alizaliwa mwaka 1985 katika mji wa Wau, wakati Sudan ingali nchi moja na vita vinaunguza kusini. Baba yake alikuwa waziri katika serikali ya Khartoum. Hali ilipozidi kuwa mbaya aliipeleka familia yake Misri, na huko watoto wakaishi maisha ya ukimbizi.

Huko Misri alikuja mtu mmoja aliyewazidi wote urefu. Jina lake Manute Bol, Mdinka mwenzao, mwenye sentimita 231. Bol aliingia katika NBA mwaka 1985, na katika msimu wake wa kwanza tu alizuia mipira 397. Watu wengi wa Marekani walimtazama kama kioja, maana alikuwa mwembamba kama mwanzi na mrefu kuliko mlango. Lakini mtu huyu aliyetazamwa kama kioja aliwakumbuka watoto wa kwao waliokuwa ugenini. Aliwashika mkono, akawafundisha mpira wa kikapu, kwanza kaka yake Luol aitwaye Ajou, na Luol mdogo akawa karibu naye akijifunza kwa macho na masikio. Hakuwa na mkataba nao, wala hakuwadai kitu.

Kutoka Misri familia ilipata hifadhi London. Huko Luol alicheza katika kilabu cha vijana cha Brixton, chini ya mwalimu mmoja mashuhuri, Jimmy Rogers, aliyetumia miaka mingi ya maisha yake kuwalea watoto wa mtaa ule kwa njia ya mpira. Akiwa na miaka kumi na minne alikwenda kusoma Marekani, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Duke. Mwaka 2004 alichaguliwa wa saba katika uteuzi wa NBA, akacheza misimu kumi na mitano, mingi zaidi akiwa na Chicago Bulls, na mara mbili, mwaka 2012 na 2013, aliitwa katika mchezo wa nyota wa ligi. Mwaka 2019 akaweka viatu chini. Alikuwa na miaka thelathini na minne tu.

Hebu tafakari hapo, ndugu msomaji. Miaka thelathini na minne! Mkulima wa umri huo ndiyo kwanza kahawa yake inakubali, na fundi wa umri huo ndiyo kwanza anapata wanafunzi. Mchezaji wa umri huo amekwisha zeeka. Mtume wetu (s.a.w.) alituhimiza kuutumia ujana kabla ya uzee na afya kabla ya maradhi. Wachezaji huuona ukweli wa nasaha hii mapema kuliko sisi, kwani uzee wao huwajia wakati wenzao wangali vijana.

Luol Deng alikuwa na mali ya kumtosha. Angeweza kujenga nyumba kando ya bahari akatulia. Badala yake alishika uongozi wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Julai, 2011, na ambayo wakati ule haikuwa hata na uwanja mmoja wa ndani wa kuchezea mchezo huo. Alitoa fedha zake mwenyewe kwa ajili ya kambi na safari za timu. Aliwatafuta vijana waliotawanywa na vita, huyu Australia, yule Marekani, mwingine Uganda, akawaambia kwamba wana kwao. Mwanzoni aliwafundisha yeye mwenyewe uwanjani, kisha akamkabidhi kazi hiyo Royal Ivey, Mmarekani aliyekuwa mchezaji naye.

Matunda yakaja upesi. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2023, mjini Manila, Sudan Kusini iliifunga China 89 kwa 69, kisha Angola 101 kwa 78, ikawa ya kwanza katika timu za Afrika na kupata nafasi ya kwenda Michezo ya Olimpiki. Tarehe 20 Julai, 2024, katika mchezo wa kirafiki mjini London, iliifikisha Marekani yenyewe pabaya: Marekani ilishinda 101 kwa 100 tu, kwa kikapu cha LeBron James katika sekunde za mwisho. Siku nane baadaye, mjini Lille, Ufaransa, ulipofika wakati wa wimbo wa taifa, waandaaji walikosea wakapiga wimbo wa Sudan, nchi ile ambayo watu wa kusini walipigana nayo miaka mingi. Vijana wale hawakutukana wala hawakutoka uwanjani. Walisimama, mikono vifuani, wakangoja hadi wao ulipopigwa. Kisha wakaishinda Puerto Rico 90 kwa 79. Subira namna hiyo haiji yenyewe. Kuna mtu aliyewafunza.

Katika timu hiyo alikuwamo kijana wa miaka kumi na saba, Khaman Maluach, aliyelelewa Uganda katika ukimbizi. Mwaka uliofuata, baada ya kupita Chuo Kikuu cha Duke kama Deng, alichaguliwa wa kumi katika uteuzi wa NBA wa 2025. Basi utazame mnyororo huu: Bol alimshika mkono Deng, na Deng akamshika mkono Maluach. Bol hakuyaona hayo yote, kwani alifariki dunia tarehe 19 Juni, 2010, mwaka mmoja kabla nchi yake haijapata uhuru.

Na tusimsahau Bol kwa jambo jingine. Fedha alizozipata alizitumia kwa watu wake mpaka zikamwishia. Mwaka 2002 alikubali hata kupanda ulingoni kupigana ngumi mbele ya televisheni, ili apate fedha za kuwasaidia watoto wa Sudan. Ndugu zake wengi waliuawa katika vita vile, na baadhi ya waliowaua walijiita Waislamu. Pamoja na hayo, mwishoni mwa maisha yake alijitia katika kazi ya kujenga shule kijijini kwao Turalei, shule ya watoto wa dini zote, na Waislamu wa Darfur wakashiriki katika kazi hiyo. Hakuwa Muislamu, lakini tukisema kwamba hakuna la kujifunza kwake tutakuwa tunajidanganya wenyewe.

Huenda msomaji akauliza: je, hakuna mfano katika sisi tulioamini? Upo, tena mkubwa. Yule LeBron James aliyefunga kikapu cha ushindi mjini London, mwaka 2011 alikwenda Texas kukaa kwa mwalimu mmoja ili amfunze namna ya kucheza karibu na kikapu. Kabla yake walikwishakwenda Kobe Bryant na Dwight Howard. Mwalimu huyo ni Hakeem Olajuwon, mtoto wa Lagos, Muislamu.

Hakeem naye aliuanza mchezo huu akiwa na miaka kama kumi na mitano, umri karibu na ule wa Hasheem wetu. Alipofika Houston mwaka 1980 hakuwa anajua mengi. Lakini kila kiangazi Moses Malone, aliyekuwa mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa zama zile, alikuwa akifanya mazoezi katika jumba moja la michezo la mjini hapo, naye akacheza na kijana huyu mgeni, akimsukuma na kumwangusha na kumwinua, mpaka akaiva. Mwaka 1994 na 1995 Hakeem aliiongoza Houston Rockets kuwa bingwa. Mwezi Februari, 1995, ambao takriban wote ulikuwa Ramadhani, alicheza huku akifunga, na ligi ikamtangaza kuwa mchezaji bora wa mwezi huo. Wanaosema kwamba saumu humdhoofisha mtu na kazi yake, basi wamtazame.

Tena hakuiacha dini yake mlangoni mwa soko. Katika biashara yake ya ardhi na majumba alinunua kwa fedha taslimu ili aepukane na riba. Jengo la iliyokuwa benki katikati ya Houston, lililojengwa mwaka 1928, alilinunua likageuzwa kuwa kituo cha Kiislamu, na leo watu husujudu pale ambapo zamani zilihesabiwa noti. Aliweza kuyafanya haya kwa sababu alijua kwamba vyote viwili, mali na ujuzi, si vyake. Ni amana.

Naam, hapo ndipo lilipo jibu la yule mama. Qurani Tukufu imetuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe. Wengi wetu tukisikia amana tunafikiri fedha zilizowekwa kwa jirani. Lakini ujuzi nao una wenyewe. Ulichofundishwa na aliyekutangulia, mwenyewe ni yule anayekuja nyuma yako. Ukifa nacho umekidhulumu. Na tumefundishwa na Mtume (s.a.w.) kwamba elimu yenye manufaa ni katika mambo ambayo thawabu zake hazimkatikii mtu baada ya kufa kwake.

Basi yatupasa nini? Kwanza, wale wenye ujuzi. Katika wilaya yetu hii, kuanzia Tengeru hadi Kikatiti, wamo watu wazima waliocheza mpira wa kikapu mashuleni, vyuoni na majeshini. Wanajua namna ya kusimama, kupokea na kutoa pasi, na kuanguka bila ya kuumia. Jumamosi jioni wamekaa tu. Wakati huo huo watoto wanarusha mpira kwenye pete ya nondo iliyochomelewa na fundi wa mtaani, na hakuna wa kuwaambia kwamba viwiko vyao viko vibaya. Saa mbili kwa wiki si mzigo. Malone hakutumwa na mtu kumfundisha Hakeem.

Pili, wazazi. Msiuze shamba kwa maneno ya mtu asiye na ofisi. Shule inayotaka kumpa mtoto udhamini wa kweli humwandikia barua kwa jina lake, barua ambayo mwalimu mkuu anaweza kuisoma na kuihakikisha. Mwulizeni ajaye: shule gani, mji gani, nani atamlea huko, na akivunjika goti nani atamtibu na je, ataendelea kusoma? Ndivyo nilivyomwambia mama yule. Alipomwuliza mgeni wake maswali hayo na kumtaka alete barua, mgeni aliahidi kurudi wiki ijayo. Wiki hiyo haijafika mpaka leo. Kihamba kipo, na migomba inazaa.

Tatu, nanyi vijana. Urefu hukuutafuta, umepewa; kwa hiyo usijivune nao, na wala usiutegemee peke yake. Hasheem alicheza katika ligi ile misimu mitano. Deng, aliyebarikiwa zaidi, alicheza kumi na mitano. Hata ukimpita Deng, bado utabakiwa na nusu ya maisha yako bila ya mpira, na hapo utahitaji elimu, tabia njema na Mola wako. Swalini kwa wakati. Someni. Na mjualo leo, hata likiwa dogo, mfundisheni aliye mdogo wenu kesho. Mtoto wa yule mama sasa yuko kidato cha tatu. Hajaitwa na timu yoyote, lakini kila Jumamosi huwakusanya watoto wa darasa la nne na la tano akawaonyesha namna ya kuushika mpira. Mimi naona amekwisha kuanza kazi ambayo wengine huingia baada ya kustaafu.

Ndugu msomaji, Mwenyezi Mungu hatatuuliza kwa nini hatukuwa warefu. Atatuuliza tulichopewa tulikifanyia nini. Mwenye urefu ataulizwa juu ya urefu wake, mwenye kalamu juu ya kalamu yake, mwenye duka juu ya mizani yake. Tunamwomba atujaalie tuwe katika wale wanaozifikisha amana kabla mikono yetu haijachoka, awalinde vijana wetu na ghururi na matapeli, na awape wazazi wao subira na busara. Amin.

Wabillahi tawfiq.